Shokapu za mashindano zinarukisha gari langu: je, nimeuziwa mbovu?

"Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza GC8 ninayoshindania mbio za magari huku Arusha. Nimenunua seti ya shokapu za mashindano zilizotumika, zina chupa za gesi pembeni, zina virekebishi vya kliki, kimoja cha ugumu wa kubonyea na kingine cha ugumu wa kurudi, na springi zake ziko juu yake. Tulizifunga na fundi wangu kwenye gereji yake. Niliona gari liko chini, nikazungusha sahani za springi (zile ambazo springi inakalia) mpaka juu kabisa ili linyanyuke na springi ziwe ngumu. Kliki zote nikazikaza mpaka mwisho, maana niliambiwa gari la mashindano lazima liwe gumu. Sasa kwenye barabara ya migongo ya bati gari linaruka na mkia unahama. Kwenye kona zenye mashimo nakata stelingi mbele hakushiki. Baada ya mbio moja tu bushi ya mkono wa chini imechanika, na mbele kushoto nasikia 'ko, ko' nikipita taratibu. Je, nimeuziwa shokapu mbovu? Na kliki sahihi ni ngapi?"

Marahaba. Kwa maelezo haya peke yake siwezi kusema umeuziwa mbovu. Huenda ni mbovu kweli, na nitakuonyesha namna ya kujua kabla hujatoa shilingi nyingine. Lakini kila ulichokitaja, kuruka, mkia kuhama, mbele kukosa mshiko, hata hiyo bushi, kinaweza kuletwa na shokapu nzima kabisa iliyotoka kwenye boksi leo, ikifungwa na kusetiwa namna hiyo. Kliki unazoziulizia ni jambo la mwisho. Kuna mambo matatu yanayotangulia, yaani kuzikagua shokapu, kuzifunga inavyotakiwa, na kupata urefu sahihi wa gari, na yote matatu yalirukwa.

Kabla ya yote, gari lipumzike. Bushi ya mkono wa chini ikichanika, gurudumu linahama mbele na nyuma ukishika breki, na huo mlio wa "ko" unaweza kuwa nati ya juu ya shokapu iliyolegea. Usiliendeshe barabarani mpaka umejua mlio unatoka wapi.

Tuanze na hilo la ugumu, maana ndilo limezaa mengine. Shokapu haibebi gari. Anayebeba gari ni springi. Kazi ya shokapu ni kuipunguzia springi kasi yake: ndani kuna pistoni inayosukuma oili ipite kwenye matundu madogo na kwenye visahani vyembamba vya chuma vinavyopinda kuipisha, na ile nguvu ya kuruka inageuka kuwa joto. Ndiyo maana shokapu ikitoka kwenye hatua ndefu ya changarawe (hatua ni kipande cha mbio kinachopimwa muda) haishikiki kwa mkono. Kadiri pistoni inavyokwenda kwa kasi ndivyo oili inavyokataa zaidi kupita. Pistoni ikisimama, hata ukaze kliki zote, shokapu haina ubishi wowote isipokuwa ule msukumo mdogo wa gesi. Kwa hiyo gari kukaa chini gereji halikuwa kosa la shokapu, na kukaza kliki kusingeweza kulinyanyua hata milimita moja.

Hiyo kasi ya pistoni si kasi ya gari. Unaweza kuwa unakimbia 140 kwenye changarawe laini na pistoni inatembea polepole tu, gari likilala kwenye kona au likiinama kwa breki. Na unaweza kuwa unakwenda 50, ukakanyaga jiwe, pistoni ikarushwa kwa kasi kubwa sana. Shokapu nyingi za aina mbili za marekebisho kama zako, kliki zake zinagusa zaidi ule mwendo wa polepole, yaani namna bodi inavyolala na kuinama. Pigo la jiwe na shimo linaamuliwa zaidi na visahani vya ndani, ambavyo huvifikii bila kufungua shokapu. Zipo zenye marekebisho ya tatu kwa ajili ya pigo la kasi, lakini kwa ulivyoeleza zako si hizo.

Sasa sahani za springi. Hapa watu wengi wanakosea, hata mafundi wenye majina. Kuzungusha sahani kwenda juu hakufanyi springi ya kawaida iwe ngumu. Tuchukue mfano. Kona moja ya mbele ya gari lako imebeba, tuseme, kilo 300, yaani karibu nyutoni 3,000, na springi ni ya nyutoni 40 kwa kila milimita. Gari likikaa chini, springi itabonyea milimita 75. Ukizungusha sahani ipande milimita 30, uzito wa gari haujabadilika, kwa hiyo springi bado imebonyea milimita 75 zilezile na ugumu wake ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba gari limepanda kama milimita 30, na rodi ya shokapu imechomoza nje milimita 30 zaidi kuliko mwanzo.

Na hizo milimita 30 hazikutoka hewani. Umezikata kwenye nafasi ya gurudumu kushuka. Tuseme shokapu yako ina mwendo wa milimita 180 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na mwanzoni gari lilikaa likiwa na milimita 60 za kushuka na 120 za kupanda. Baada ya kuzungusha, una 30 za kushuka na 150 za kupanda. Wewe unasema ulipeleka sahani "mpaka juu kabisa". Nina wasiwasi kwamba gari lako sasa limekaa karibu na mwisho wa rodi, na gurudumu halina pa kushukia. Likifika kwenye shimo, tairi badala ya kufuata udongo linabaki linaning'inia hewani, na tairi lililo hewani haligeuzi gari. Hapo ndipo unapokata stelingi na gari linanyoosha. Shimo likiisha, gari linatua lote kwa pamoja, na wewe ndani unasikia kishindo unadhani springi ni laini.

Kwa barabara zetu, pa kuanzia ni hapa: gari likiwa limekaa na mafuta, dereva na msoma ramani ndani, karibu theluthi moja ya mwendo wote wa shokapu ibaki kwa ajili ya kushuka. Wapo wanaopenda zaidi ya hapo kwenye barabara zenye mashimo mengi, na sibishani nao. Chini ya hapo ndiko unapoanza kupoteza barabara. Kama ukishaweka theluthi hiyo gari linaonekana bado liko chini mno, tatizo si sahani. Ama springi ni za gari jepesi zaidi ya lako, ama hiyo seti ni ya barabara ya lami na rodi zake ni fupi. Yote mawili hutokea sana kwenye vifaa vilivyotumika, kwa sababu muuzaji anauza "shokapu za mashindano" bila kusema mashindano gani.

Turudi kwenye migongo ya bati, maana hapa ndipo kliki zinapoingia kweli. Chukulia mgongo mmoja na mwingine viko umbali wa sentimita 80. Ukiwa na kasi ya kilomita 80 kwa saa, unasafiri karibu mita 22 kwa sekunde, maana yake kila gurudumu linapigwa mara 28 kwa sekunde moja. Kati ya pigo na pigo springi ina chini ya sehemu 4 za 100 za sekunde kulirudisha gurudumu chini. Wewe umekaza upande wa kurudi mpaka mwisho. Gurudumu linapigwa, linapanda, halijamaliza kushuka, linapigwa tena likiwa bado juu, linapanda zaidi. Baada ya migongo kadhaa tu gari limejibana lenyewe mpaka limekalia vizuizi vya mpira vya ndani ya shokapu. Pale halina tena springi. Lina mpira na bodi. Linaruka, na kwa kuwa nyuma ni nyepesi, mkia ndio unaohama kwanza.

Ajabu yake ni kwamba dereva aliye ndani anahisi gari ni gumu kama ubao na bado linagonga chini, kwa hiyo anakaza zaidi. Dawa iko upande wa pili: legeza kurudi. Ukiwa na gari linalohisi gumu kwenye migongo lakini kwenye tuta moja moja liko sawa, mara nyingi mkosaji ni kurudi kulikokazwa, hata kabla hujagusa kubonyea.

Umewahi pia kusikia madereva wa malori wakisema migongo hiyo ukikimbia unaelea. Kuna ukweli ndani yake. Gurudumu pamoja na breki na habu yake lina mtikisiko wake wa asili, kwa magari mengi ni kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Kwenye mfano wetu, kasi ya kilomita 40 kwa saa inaleta mapigo 14 kwa sekunde, yaani unaligonga gurudumu palepale linapopenda kutikisika. Ukipita 80 umeshavuka eneo hilo. Lakini kuelea si kushika; breki na stelingi vinapungua vyote viwili, na nisingependa mtu achukue sentensi hii akaenda nayo kwenye barabara yenye watu na mifugo.

Bushi sasa. Nakuuliza swali moja: siku mnazifunga, bolti za mkono wa chini mlizikaza gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia? Karibu nina uhakika ndivyo ilivyokuwa, maana hufanywa hivyo gereji nyingi. Bushi ya mpira ya kiwandani imegandishwa kwenye bomba la chuma la katikati, na bolti ikikazwa, lile bomba haligeuki tena. Mkono ukipanda na kushuka, mpira ndio unaojikunja. Ukikaza gurudumu likiwa limening'inia, mpira unakuwa umelegea kwa nafasi ya kuning'inia. Ukilishusha gari chini, tayari umeshaunyonga kabla hata ya kuwasha injini, na kila shimo linaunyonga zaidi. Mpira wa zamani kwenye gari la miaka ya 1990 hauvumilii hilo. Bolti hizo zinalegezwa, gari linakaa kwa magurudumu yake juu ya shimo la gereji, linatikiswa kidogo, ndipo zinakazwa kwa spana ya toki kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kama huna shimo la gereji, pima kwanza gari likiwa chini, kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda. Kisha ukiwa umeegemeza gari kwenye stendi, nyanyua mkono wa chini kwa jeki mpaka upate kipimo kilekile, ukaze hapo.

Mlio wa "ko" unaweza kuwa bushi hiyohiyo. Unaweza kuwa linki ya stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, na hiyo ndiyo rahisi kujua: ifungue upande mmoja, sogeza gari taratibu hapohapo gereji, usikilize. Kama shokapu zako ni za aina ya kupinduliwa, zile ambazo mwili mnene wa kung'aa ndio unaoteleza ndani ya bomba la nje, huwa zinagonga zikikauka grisi. Hapo shokapu haijafa, inadai huduma. La nne ndilo linalonitisha: nati ya juu ya rodi. Ilikazwa kwa mashine ya upepo? Mashine ile inazungusha rodi yote pamoja na pistoni, na kwenye shokapu ambayo kirekebishi chake kinapita katikati ya rodi, unaweza kuharibu sindano ya ndani kwa sekunde moja. Nati hiyo inakazwa kwa mkono, rodi ikiwa imeshikwa kwa alenki. Mwambie mwenzako akate stelingi kulia na kushoto gari likiwa limezimwa, wewe uweke kiganja juu ya kishikio cha juu cha shokapu ndani ya boneti. Kitu kilicholegea utakihisi mkononi kabla hujakisikia.

Ukizifungua kwa ajili ya kuzifunga upya, zichunguze hapohapo. Springi ikishatoka salama, simamisha shokapu wima, ibonyeze kwa uzito wako polepole mpaka mwisho, kisha iachie. Shokapu ya gesi yenye afya inarudi nje yenyewe, taratibu, kwa mwendo mmoja usiokatika. Ikibaki ndani, gesi imekwisha. Ikibonyea sehemu bila ubishi wowote halafu ghafla ikashika, kuna hewa kwenye oili. Ikikwama mahali fulani, rodi imepinda au bomba lina kishimo cha jiwe. Pitisha ukucha kwenye sehemu inayong'aa. Mkwaruzo unaoukamata ukucha utakata sili. Kisha linganisha kushoto na kulia zikiwa kwenye kliki sawa. Mkono si mashine, lakini tofauti kubwa utaihisi.

Neno kuhusu usalama, na hapa sitanii. Kikandamiza springi kibovu kinaua, basi kama chako kina meno yaliyolika, azima kingine. Hizo chupa za pembeni zina naitrojeni yenye shinikizo kubwa mara nyingi kuliko tairi. Usifungue vali ujue kuna nini, usijaze upepo wa kawaida wa kompresa, maana una unyevu na oksijeni, na usimpe mtu achomelee au atoboe shokapu yenye gesi hata kama sikio la shokapu la kupitishia bolti limekatika.

Sasa kufunga, na nitakuomba ufanye kitu ambacho wengi wanakiona ni kupoteza muda. Funga shokapu bila springi. Gari likiwa kwenye stendi imara, stabilaiza imefunguliwa, gurudumu likiwepo, nyanyua gurudumu kwa jeki polepole mpaka shokapu iguse kizuizi chake cha mpira. Sasa chungulia. Tairi linagusa fenda? Linagusa sahani ya springi? Kata stelingi mpaka mwisho kulia na kushoto, uangalie tena. Pima nafasi kutoka habu hadi ukingo wa fenda, andika. Kisha shusha mpaka rodi iishe kabisa. Mpira wa breki umevutika? Waya wa kihisi cha gurudumu, kama gari lina huo, umekazana? Sivijointi, kile kiungo cha ekseli kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu, iko pembe gani? Zungusha gurudumu kwa mkono. Ukihisi linakwama kwa vipigo, rodi ni ndefu kuliko sivijointi inavyoweza kuvumilia, na utaivunja siku ya kwanza utakapoondoka gari likiwa juu juu. Pima tena, andika. Tofauti ya vipimo hivi viwili ndiyo mwendo wako halisi wa gurudumu. Kwenye Impreza magurudumu yote manne yana shokapu za mtindo wa mlingoti mmoja, kwa hiyo milimita ya shokapu inakaribia sana milimita ya gurudumu, na hesabu inakuwa rahisi.

Springi ikirudi, hakikisha mwisho wa koili umekaa kwenye kikalio chake na kwamba gurudumu likining'inia springi haichezi ovyo. Ikicheza, unahitaji springi msaidizi ndogo ya chini yake. Usijaribu kuondoa mchezo huo kwa kupandisha sahani. Kabla ya kutoa bolti mbili zinazoshika shokapu kwenye kiungo cha habu, piga alama, maana ya juu mbele ina umbo la yai na ndiyo inayopanga mlalo wa tairi, yaani tairi limeinamia ndani au nje kiasi gani kwa juu. Chupa za pembeni zifungwe mbali na eksozi na mbali na mawe ya tairi, na mipira yake isikunjwe kwa pembe kali.

Baada ya kupata urefu, peleka gari alaimenti, si kabla. Kila ukibadilisha urefu, mikono inabadilika pembe na magurudumu yanajifungua au kujifunga kwa mbele. Kwa changarawe mimi naanza na mlalo mdogo, nyuzi moja hivi kuelekea ndani, na magurudumu ya mbele yaliyonyooka karibu sifuri. Fundi wa alaimenti akikupa namba za gari la kawaida za kwenye kompyuta yake, mshukuru, kisha umwombe zako.

Sasa ndiyo tufike kwenye kliki. Siwezi kukupa namba, na anayekupa namba bila kujua shokapu ni za nani na ndani zina visahani gani anakubahatishia. Kliki 8 za mtengenezaji mmoja si kliki 8 za mwingine, na hata seti mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana kama moja ilishafunguliwa. Ninachoweza kukupa ni njia. Zungusha kirekebishi upande wa kukaza kwa vidole viwili mpaka kiguse, usikilazimishe, kwa sababu ndani ni sindano nyembamba inayokaa kwenye tundu lake. Hapo ni sifuri. Hesabu ukilegeza mpaka mwisho, upate jumla. Rudisha katikati, kote, kubonyea na kurudi, magurudumu yote manne. Jumla zikitofautiana sana kati ya kushoto na kulia, simama; shokapu moja ina shida ndani.

Tafuta kipande cha barabara cha kilomita mbili au tatu chenye kila kitu: migongo, kona yenye mashimo, tuta moja, mahali pa kushika breki kwa nguvu. Kiwe cha shamba ambacho mwenyewe amekuruhusu na pasipopita watu. Upepo wa tairi uwe uleule kila mara, mafuta yaleyale. Funga kamba nyembamba ya plastiki, zile za kufungia nyaya, kwenye sehemu inayoteleza ya kila shokapu. Ukirudi, itakuwa imesukumwa mpaka mahali shokapu ilipobonyea zaidi. Ikiwa imefika mwisho kwa shimo moja baya tu, hiyo ni sawa, mwendo wote umetumika. Ikiwa inafika mwisho kila mara, unahitaji kukaza kirekebishi cha kubonyea zaidi au springi ngumu zaidi kidogo. Ikiwa imebaki robo ya mwendo haijaguswa hata kwenye pabaya zaidi, gari ni gumu kuliko barabara.

Kwa gari lako, kitu cha kwanza ningegusa ni kurudi kwa nyuma. Legeza kliki mbili, pita tena. Mkia ukitulia kwenye migongo, endelea mbili nyingine. Utajua umepita kiasi pale nyuma itakapopanda na kushuka zaidi ya mara moja baada ya tuta. Rudisha kliki moja au mbili. Fanya hivyo mbele. Kubonyea kunakuja baadaye, kwa ajili ya breki na mlalo wa kona: mbele ikiinama haraka mno ukigusa breki, ongeza kidogo mbele, mbele ikiruka juu ya mawe madogo madogo, punguza. Badilisha kitu kimoja kwa safari moja, na uandike. Najua inachosha. Lakini ukibadilisha viwili gari likawa zuri, hujui ni kipi kilicholitengeneza, na siku likiharibika hutajua pa kurudi.

Ukimaliza kipande, angalia joto la shokapu zote nne haraka, kabla hazijapoa, kwa kipimajoto cha mafundi cha kuelekeza. (Vile vya kupimia homa vilivyobaki tangu korona havifai, vinaishia kwenye joto la mgonjwa.) Shokapu mbili za ekseli moja zinatakiwa kukaribiana. Iliyo baridi kuliko mwenzake haijafanya kazi, na mara nyingi hiyo ndiyo iliyopoteza oili au gesi. Kwangu kipimo hiki kinasema ukweli zaidi kuliko maneno ya muuzaji.

Vumbi letu la kaskazini, lile la majivu ya volkano, linaingia kila mahali. Weka mifuko ya mpira ya kuzuia vumbi, futa sili kwa kitambaa kila baada ya mbio, na usielekeze mashine ya kuoshea gari kwenye sili.

Kuhusu kununua nyingine, nitakuwa mkweli. Kama hizi zitapita kipimo cha mkono na cha joto, ziboreshe: badilisha oili na sili, jaza gesi upya, basi. Kazi hiyo ipelekwe kwa mtu mwenye chupa ya naitrojeni na mashine ya kupimia shokapu, anayekupa grafu ya kila moja. Hata ukilazimika kuzituma nje ya mkoa, ni rahisi kuliko seti nyingine ya kubahatisha. Kama moja ina rodi iliyopinda au bomba lililobonyea, uliza kwanza kama vipuri vyake bado vinapatikana. Visipopatikana, shokapu mpya za kawaida za kiwanda zenye springi sahihi na mwendo kamili zitakupeleka haraka zaidi kuliko hizo zikiwa mbovu, ingawa kwenye hatua ndefu zitachemka na utahitaji kupunguza. Na usijione mnyonge. Mwaka 2021 Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia pale Naivasha, dereva Mbelgiji Thierry Neuville alikuwa akiongoza kwa karibu dakika nzima asubuhi ya siku ya mwisho, akiwa na gari la kiwanda na mafundi wa kiwanda. Shokapu ya nyuma ikavunjika kwenye hatua ya Loldia na mbio zikaishia hapo kwake.

Kuna mambo ambayo usiyasuluhishe kwa kusoma maandishi yangu. Ukiona ufa kwenye bodi kuzunguka kishikio cha juu cha shokapu, rangi iliyojikunja pale, au nati za juu zilizoanza kuchimba bati, gari liende kwa mtu anayejenga magari ya mashindano, na lisikimbie mpaka amelikagua kwa macho yake. Vivyo hivyo mkono wa chini uliopinda, mpira wa breki ulioguswa na tairi, au mlio unaobaki baada ya kubadilisha bushi na linki. Mpigie pia mkaguzi wa magari wa mbio unazoshiriki kabla hujafunga, umuulize kama daraja lako linaruhusu shokapu zenye chupa za pembeni. Ni swali la simu moja, na afadhali ujibiwe sasa kuliko asubuhi ya mbio.

Ukishazifunga upya niandikie namba hizi kwa kila gurudumu: kutoka habu hadi fenda likiwa limening'inia, likiwa limekaa na watu wawili ndani, na likiwa limebonyea mpaka kizuizi. Ongeza jumla ya kliki za kila kirekebishi, na maandishi yoyote yaliyochongwa kwenye springi. Kwa hizo tutajua kama springi ni za gari hilo, na ndipo tutakapozungumza kliki.